Maswali ya Wasomaji: Tumwandikeje Bibi Aliyetuachia Bustani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Bibi yetu mzaa baba amefariki hapa Ujiji mwezi uliopita, na wazee wa familia wamenikabidhi mimi, mjukuu wa kwanza wa kike, kazi ya kuandika wasifu wake utakaosomwa siku ya arobaini. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1943, lakini yeye alikuwa akicheka kila alipokiona, akisema kwamba tarehe ile alipewa na kijana wa kuandikisha aliyekuwa na haraka zake. Hakusoma shule, hakuajiriwa wala hakushika cheo chochote. Alizaa watoto tisa, akalea wajukuu, na siku zake zote zilimkuta kwenye bustani iliyo nyuma ya nyumba, yenye miembe mitatu, michikichi saba, mdimu, mhina, mchaichai na matuta ya mboga. Kila nikishika kalamu ninaishia kwenye "alikuwa mchapakazi na mcheshi". Tena baba zetu wadogo wameanza kuzungumza juu ya kujenga vyumba vya kupangisha pale bustanini. Nifanyeje? – Mjukuu, Ujiji.

JIBU: Marahaba, mjukuu, na pole kwa msiba. Katika barua yako, ambayo hapa tumeifupisha, umetaja kwa kupita mambo mawili ambayo kwangu mimi yana thamani kuliko kile kitambulisho. La kwanza ni kwamba bibi alikuwa akisimulia jinsi alivyotoka kisimani na mtungi wake mdogo kichwani, akawakuta watu wakikimbilia stesheni ya Kigoma kuwalaki keya waliorudi kutoka Burma. La pili ni kwamba bustani yake ya kwanza ilikuwa chini, karibu na maji, na kwamba ziwa liliimeza akiwa amembeba mgongoni mtoto wake wa pili.

Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza lililoandikisha Waafrika wa Afrika Mashariki, walirejea makwao Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945 na katika miezi iliyofuata. Msichana anayetumwa maji peke yake, hata kwa mtungi mdogo, hapungui miaka saba, na kwa hiyo mtoto aliyezaliwa 1943 hangeweza kuyaona hayo akiwa na mtungi kichwani. Nalo Ziwa Tanganyika lilipanda sana baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, likafikia kilele chake mwaka 1964. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, unampata mtu aliyezaliwa karibu na mwaka 1938, aliyekuwa mama wa watoto wawili akiwa na miaka ishirini na kitu. Andika "alizaliwa yapata mwaka 1938", kisha eleza ulivyoupata mwaka huo, kwa sababu maelezo hayo yenyewe tayari ni sehemu ya maisha yake. Kama shangazi zako wana tukio jingine ambalo bibi alikuwa akilisimulia, lipime kwa njia hiyo hiyo.

Kuhusu "mchapakazi na mcheshi", umeona mwenyewe kwamba maneno hayo yamesomwa kwenye misiba mingi mno, na hakuna aliyelia kwa sababu yake. Weka karatasi pembeni. Asubuhi moja mchukue shangazi yako mkubwa, au yeyote aliyeishi na bibi kwa muda mrefu, muingie bustanini mkiwa na daftari, na mbele ya kila mti umuulize nani aliuleta, ulipandwa mwaka gani, na matunda yake yalikwenda wapi. Usiulize bibi alikuwa mtu wa namna gani, maana utajibiwa kwamba alikuwa mtu mwema, na hapo utakuwa umerudi ulikotoka. Uliza mchikichi upi ulilipa ada ya nani, nani alikuwa mkwezi wake, mawese yalichemshiwa wapi, mise, yaani kokwa za mchikichi, ziligongwa na watoto gani, na sombe (kisamvu) iliyotwangwa jioni ililiwa na watu wangapi. Uliza kuhusu mhina pia, kwa kuwa mahali ulipo mhina pana mabibi harusi waliopakwa hina, na ninadhani baadhi yao watakuwa wamekaa mkekani siku utakapousoma huo wasifu. Uliza hata maji ya kuoshea vyombo aliyamwaga kwenye tuta lipi na jivu la jikoni alilipeleka wapi, kwa kuwa mtu asiyetupa hata jivu anajieleza vizuri kuliko sifa kumi. Ukitoka humo utakuwa na kurasa nyingi kuliko unazohitaji. Chagua miti mitatu au minne, usizidishe kurasa mbili, na watoto wote tisa uwataje kwa majina bila kumruka hata mmoja, akiwemo aliyetangulia mbele ya haki akiwa mchanga, kama yupo.

Suala la vyumba vya kupangisha ni la mirathi, nalo lina wenyewe: wazee wa ukoo, na kadhi au mahakama ikibidi. Sitaliingilia. Ila kabla ya msingi kuchimbwa kuna kazi isiyohitaji ruhusa ya mtu yeyote. Mchaichai ung'olewe shina moja, ugawanywe vichipukizi, kila nyumba ya mtoto wake ipate chake. Mhina huota kwa vipandikizi vya matawi. Mchicha na bamia ziachwe zikomae na kukauka shambani, mbegu zipukuswe na kuhifadhiwa kwenye jivu kavu. Mwembe ni wa kuangalia zaidi, kwa sababu ipo miembe ambayo kokwa lake hutoa mche unaofanana na mama, na ipo ambayo mche wake hubadilika kabisa. Ukitaka uhakika, mwite fundi wa miche abebeshe kikonyo cha mwembe wa bibi kwenye mche mchanga. Nyinyi wa Ujiji mna mfano karibu, kwani mwembe ambao chini yake Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 haupo tena, na miembe iliyosimama sasa pale kwenye kumbukumbu inasemekana ilitokana nao.

Mchikichi haukubali hila hizo. Una kichwa kimoja tu cha kukulia, haupandwi kwa tawi, na mbegu yake hukaa miezi kadhaa ardhini kabla ya kuchipua. Kwa hiyo kagueni chini ya ile saba mtafute miche iliyojiotea, muihamishe mvua zitakapoanza. Ile mikubwa, ikiwa imepita miaka 25, imeshakuwa mirefu kiasi cha kumtisha mkwezi, na huenda bibi mwenyewe angewaruhusu muikate. Muulizeni shangazi kama aliwahi kusema.

SWALI: Mama yetu, aliyefariki hapa Tabora, alikuwa nguzo ya ukoo na mtunza bustani hodari, lakini alikuwa mkali. Aliwahi kumfunga mbuzi wa jirani siku mbili kwa kosa la kula miche ya kabichi, na kijiji kizima kilijua. Je, tuliandike jambo hili au tulifiche? – Wanawe, Tabora.

JIBU: Pokeeni pole zangu. Ukali wa mama yenu mmeueleza kwa mbuzi mmoja, na nimecheka nilipousoma, jambo linaloonyesha kwamba haujamwacha mtu na kidonda. Ukali wa namna hiyo uandikwe, maana mkiuondoa, waombolezaji watadhani anayesomwa ni mtu mwingine. Ule wa aina nyingine, uliomtenga mtoto au mkwe ambaye naye atakuwepo kwenye matanga, usiwekwe kwenye karatasi ya kusomwa hadharani. Uzungumzwe ndani, na wahusika wenyewe. Kuhusu mbuzi, kama jirani bado yu hai na hana kinyongo, mwombeni asimulie sehemu hiyo yeye mwenyewe.