Nairobi hadi New York: mbona hesabu inakataa?

Ndugu, umeuliza inakuwaje tiketi ya mkeo ionyeshe anaondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kufika New York saa 12:25 asubuhi, kana kwamba safari ni saa 7 tu. Ya kuondoka ni saa ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Msimu wa baridi wako nyuma yetu kwa saa 8 (kiangazi 7), basi jumlisha: saa 15 safarini.

Umbali usiupime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya. Chukua tufe, vuta uzi kutoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi JFK (wa New York), utaona unakatiza Sahara. Ni kama kilomita 11,800. Ndege kubwa hukata takriban 900 kwa saa, yaani saa 13 na kidogo. Ongeza nusu saa ya kupaa, kutua na kule kujikokota uwanjani. Kinachobaki ni upepo: huko juu ya Atlantiki huvuma sana kutoka magharibi, kwa hiyo akienda unampinga, akirudi unamsukuma. Ndiyo maana kurudi huchukua muda mfupi kuliko kwenda.