Maswali na Majibu: Kuchora Majira ya Majani Kupukutika

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kuchora mandhari ya majira ambayo majani hubadilika rangi na kuanguka. Baadhi yenu mmeyaita majira hayo vuli, nami sina ugomvi na jina hilo, ila kwa kuwa wasomaji wengi wakisikia vuli hufikiria mvua, nitaendelea kutumia maelezo marefu kidogo. Nimechagua barua nne.

SWALI: Mwalimu, nilisafiri kwa treni wiki nzima katikati ya misitu iliyokuwa imegeuka rangi. Nilirudi na picha za simu zaidi ya mia nne, nikachora tatu kwa rangi za akriliki. Zote zimeharibika kwa namna moja: kila mahali ni chungwa na nyekundu, hata jirani yangu aliuliza kama nimechora moto wa msituni. Lakini hizo ndizo rangi nilizoziona kwa macho yangu. Nimekosea wapi?

JIBU: Naamini kwamba uliziona. Kosa halimo katika nyekundu yako, limo katika vitu vilivyoizunguka ambavyo nashuku umeviacha nje: kijivu cha mashina, weusi wa ardhi iliyolowa, buluu iliyofifia ya vilima vya mbali, na kijani cha misonobari, ambayo haishiriki kabisa katika sherehe hiyo ya majani.

Inafaa kwanza ujue kinachotokea ndani ya jani lenyewe. Klorofili, ambayo ndiyo hulipa jani ukijani, huvunjwa siku zinapokuwa fupi na baridi inapoingia, na ikiondoka hujitokeza manjano ambayo ilikuwamo tangu mwanzo ikiwa imefunikwa. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo hutengenezwa upya ndani ya jani kutokana na sukari iliyobakia humo, hasa mchana unapokuwa na jua kali na usiku ukawa wa baridi isiyofikia kugandisha, na ndiyo maana upande wa mti unaopigwa na jua huwa mwekundu zaidi kuliko upande wa kivulini. Kwa mchoraji hii si elimu ya kujipamba nayo. Maana yake ni kwamba mti mmoja unaweza kuwa na kijani ndani, manjano katikati na nyekundu nchani, na ukiupaka wote rangi moja umeupotezea umbo lake pamoja na mahali jua lilipokuwa.

Mashaka ya jirani yako yana historia. Mwaka 1860 mchoraji Mmarekani Jasper Cropsey, aliyekuwa akiishi London wakati huo, alimaliza picha kubwa ya bonde la mto Hudson yenye upana wa karibu mita 2.75, akitegemea kumbukumbu na michoro midogo aliyokuwa ameifanya kwao. Watazamaji wa Uingereza, waliozoea misitu inayoelekea zaidi kwenye manjano, hawakuamini kwamba majani yanaweza kuwa mekundu kiasi hicho, ikabidi aweke majani halisi kutoka Marekani kando ya picha. Hata hivyo, ukiitazama picha hiyo, ambayo sasa imo katika National Gallery of Art mjini Washington, utaona kwamba sehemu kubwa si nyekundu hata kidogo. Ni anga lenye mawingu, ukungu wa mbali, maji, na sehemu ya mbele yenye kahawia na vivuli. Nyekundu imewekwa pale tu inapohitajika, na kwa sababu hiyo inang’aa.

Kanuni inayofanya kazi hapo ilielezwa vizuri na mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris. Alipoletewa malalamiko kwamba rangi nyeusi ya nyuzi fulani ilikuwa dhaifu, aligundua kwamba dawa ya kupakia rangi haikuwa na kasoro yoyote, bali rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizoidhoofisha machoni, na uchunguzi wake akauchapisha mwaka 1839. Unaweza kuthibitisha jambo hilo mezani kwako kwa dakika tano. Changanya chungwa moja, kisha uiweke kama doa kwenye karatasi nyeupe, kwenye nyekundu, na kwenye buluu iliyotiwa kijivu. Katika karatasi ya tatu utadhani umeongeza rangi nyingine, hali ni ileile.

Kwa hiyo picha yako ya nne ianze bila chungwa yoyote. Chukua buluu ya ultramarini na kahawia nyekundu ya udongo uliochomwa, ambazo zikichanganywa hutoa kijivu cha kila aina, cha baridi ukizidisha buluu na cha joto ukizidisha kahawia, na kwa hizo pamoja na nyeupe upake picha nzima: anga, ardhi, mashina, vivuli, vilima. Picha isimame yenyewe kwa mwanga na giza kabla ya kuvikwa nguo. Kisha ongeza oka ya manjano, yaani manjano tulivu ya udongo, na mwisho kabisa, katika sehemu isiyozidi moja ya tano ya kanvasi, zile rangi kali ulizozipenda. Vivuli usivipake kahawia kwa mazoea, kwa kuwa kivuli kilicho wazi chini ya anga safi hupata mwanga wake kutoka juu, na hivyo huelekea kwenye buluu au zambarau, na hapo ndipo manjano iliyo jirani hupata nguvu.

Jambo moja kuhusu simu. Simu nyingi huongeza ukali wa rangi zenyewe bila kuombwa, na wewe ukauongeza tena kwa brashi, kwa hiyo rangi zimepikwa mara mbili. Zigeuze picha zako ziwe nyeusi na nyeupe kabla ya kuanza kuchora. Mara nyingi utagundua kwamba mti mwekundu na kijani kilicho nyuma yake ni kijivu kimoja, na kwamba jicho lako lilikuwa likivitenganisha kwa rangi peke yake. Na mia nne ni nyingi mno. Funga simu, chora kwa penseli mandhari tatu unazozikumbuka bila kutazama chochote, halafu utafute picha zinazohusu hizo tatu.

SWALI: Mimi husafiri na familia, na wenzangu hawana subira ya kunisubiri. Nikisimama, nina dakika kumi na tano hivi. Nibebe vifaa gani, na inawezekana kweli kupata kitu cha maana katika muda huo?

JIBU: Inawezekana, ukikubali kwamba unachokipata si picha iliyokamilika. Tom Thomson wa Kanada, ambaye ndiye ninayemwonea wivu kuliko wachoraji wote wa majira haya, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake katika mbuga ya Algonquin juu ya vibao vya mbao vyenye ukubwa wa takriban sentimita 21 kwa 27, vinavyoingia katika sanduku dogo la kubebwa mkononi. Wakati wa baridi alirudi Toronto na kuvigeuza vichache kuwa picha kubwa. Wengi wetu leo tunaona vibao vile vina uhai kuliko hata baadhi ya picha kubwa zilizotokana navyo, na sababu haifichiki: alikuwa akishindana na jua.

Kwa dakika kumi na tano ningebeba daftari la karatasi nzito lisilozidi viganja viwili, penseli laini, kisanduku cha rangi za maji chenye rangi sita au saba, brashi moja nene yenye ncha nzuri, na kichupa cha maji. Rangi za mafuta ziache nyumbani, kwa kuwa hata ukimaliza kwa wakati, utatumia siku nzima iliyobakia ukilinda picha mbichi isiguse nguo za watoto. Ujue pia kwamba asubuhi ya baridi na unyevu rangi za maji huchelewa sana kukauka, na ukiweka rangi ya pili juu ya ya kwanza iliyo mbichi zitaingiliana. Katika hali hiyo paka vipande visivyogusana, ukiacha uzi mwembamba wa karatasi nyeupe kati yao. Uzi huo hauharibu kitu, na mara nyingi hugeuka kuwa mwanga.

Dakika mbili za kwanza usiguse rangi. Fumba macho nusu ili majani yapotee na yabaki mafungu makubwa ya giza na mwanga, uyachore mafungu hayo, na uweke mshale mdogo unaoonyesha jua linatoka wapi. Mshale huo ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu katika majira haya jua hukaa chini, vivuli huwa virefu na husogea haraka, na mchoraji asiyeandika mahali pa jua huishia na picha yenye majua mawili. Halafu paka rangi tatu kuu, si zaidi. Zinazobakia ziandike kwa maneno: “gome kama majivu”, “nyasi zimebakia kijani chini ya mti tu”. Picha ya simu haitakukumbusha mambo hayo nusu ya namna maneno yako mwenyewe yatakavyokukumbusha.

SWALI: Sina uwezo wa kusafiri. Ninachokiona kila siku ni barabara, kituo cha basi na mti mmoja ulio mbele ya dirisha langu. Je, nitakuwa nikijidanganya nikisema ninachora mandhari?

JIBU: Hapana. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, kati ya 1890 na 1891, alichora zaidi ya picha ishirini za mafungu ya nafaka yaliyokuwa katika shamba la jirani ya nyumba yake huko Giverny, akiwa na kanvasi kadhaa kwa pamoja na kubadilisha moja kwa nyingine kadiri mwanga ulivyobadilika. Wewe una mti na dirisha, tena dirisha halina baridi. Uchore mti huo mara moja kila wiki, saa ileile, kwa ukubwa uleule, tangu jani la kwanza ligeuke mpaka matawi yabaki matupu. Nadhani picha utakayoipenda itakuwa ya karibu na mwisho, majani yakiwa yamebakia kumi au kumi na tano, kwa kuwa hapo ndipo anga huanza kuonekana ndani ya mti.

Barabara nayo usiidharau, hasa baada ya mvua. Lami iliyolowa ni nyeusi na ni kioo kwa wakati mmoja, na jani la manjano juu yake halihitaji msaada wowote. Tahadhari ni moja tu: usichore kila jani. Yale yaliyo miguuni pako yana umbo na pembe, yaliyo hatua kumi mbele ni madoa yaliyolala ubapa, na yaliyo kituoni ni mstari tu wa rangi. Ukiyapa yote umbo sawa, barabara itasimama wima kama ukuta.

SWALI: Picha yangu ya rangi za maji, yenye mti mwekundu, imetundikwa karibu na dirisha kwa miaka miwili. Nyekundu imepauka lakini kahawia iko vilevile. Je, karatasi ni mbovu?

JIBU: Karatasi haina hatia. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ulitumia nyekundu ya alizarini, ambayo hutambulika kwenye tyubu kwa alama PR83 na hupauka ikipigwa na mwanga, hasa ikipakwa nyepesi kama rangi za maji zinavyopakwa. Kahawia yako imedumu kwa sababu rangi zitokanazo na udongo ni miongoni mwa zile zinazostahimili mwanga kuliko zote. Safari ijayo tafuta nyekundu ya kwinakridoni, ambayo huvumilia mwanga zaidi, kwa mfano yenye alama PV19, na kabla ya kuiamini ipake kwenye kipande cha karatasi, ufunike nusu yake kwa kadibodi, ukiweke dirishani miezi mitatu. Picha uliyonayo iondoe hapo leo, uitundike kwenye ukuta usiopata jua.