Kwa Wanaoanza Kazi Katika Kliniki ya Pumu: Ulizeni Habari za Hedhi

Wenzangu mnaoanza kazi katika kliniki ya pumu na mzio, mtagundua mapema kwamba kwa watoto wavulana ndio wengi, ilhali kwa watu wazima wanawake ndio wengi, na ndio wanaobanwa zaidi. Mgeuko huo huja na balehe, na homoni za jinsia zina mkono wake, ingawa si zenyewe tu: mvulana mdogo huwa pia na njia za hewa nyembamba kwa kulinganisha na ukubwa wa mapafu yake.

Estrojeni, homoni ya kike, huzichochea seli za masti, zinazohifadhi histamini, kemikali inayoleta dalili za mzio, ziimwage kwa wepesi zaidi, tena huipa nguvu ile kinga ya aina ya pili inayozaa uvimbe wa mzio. Testosteroni, homoni ya kiume, huelekea kuituliza kinga hiyo. Katika panya imeonekana ikizuia kuongezeka kwa seli za kinga ziitwazo ILC2, ambazo hutoa interlukini, yaani kemikali za kuwasha uvimbe mapafuni.

Kwa hiyo, kila mwanamke ambaye pumu yake haitulii, andikeni tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Mpeni daftari aandike dalili, mara alizotumia dawa ya kuvuta ya dharura, kasi ya kupuliza pumzi kwa nguvu (peak flow) asubuhi na jioni, pamoja na siku za hedhi, kwa mizunguko miwili au mitatu, kwa kuwa kumbukumbu peke yake hupotosha. Baadhi yao mtawakuta wanabanwa siku chache kabla ya damu kutoka. Hata hivyo, kabla ya kuandika kwamba ni homoni, ulizeni anameza nini kwa maumivu ya tumbo, maana aspirini, ibuprofeni na diklofenaki humbana vibaya mgonjwa asiyezivumilia, nazo hutumika siku zilezile za mwezi. Kwangu mimi swali hilo lina faida kuliko kupima homoni kwenye damu, kipimo ambacho kwa kawaida hakibadilishi matibabu.

Katika ujauzito, takriban theluthi moja ya wagonjwa huzidiwa, theluthi hupata nafuu, na waliobaki hukaa vilevile, wala hamwezi kujua mapema nani ataangukia wapi, hivyo muoneni kila mwezi. Hatari kubwa hapa ni kuacha steroidi ya kuvuta kwa kuihofia mimba, ilhali pumu isiyodhibitiwa humdhuru mtoto kuliko dawa hiyo. Akiridhia, mwelezeni hayo pamoja na mume au mkwe aliyemsindikiza, kwa sababu uamuzi wa kuacha dawa mara nyingi huwa umepitishwa nyumbani.