Memori inavuja, kila mtu anaziba kivyake

Ndugu, umesema mradi wenu wa programu huria una wachangiaji sita, na wiki iliyopita wawili wametuma viraka (marekebisho ya msimbo) vya kuziba tundu lile lile la memori, yaani pale programu inapoomba memori isiirudishe. Hapo hamjakosa ufundi, mmekosa foleni moja.

Mozilla walipitia haya na kivinjari chao, Firefox. Mwaka 2011 walianzisha MemShrink, mradi wa kupunguza memori inayoliwa: kila hitilafu ya memori ikabandikwa lebo hiyo, kisha wakawa wanakutana kila wiki kuzipanga, P1 (ya kwanza kushughulikiwa) hadi P3. Nyie nusu saa inatosha. Asiyeandika jina kwenye tiketi ya hitilafu asiiguse.

Tiketi ya "inakula RAM" tupu msiipokee. Mtu aeleze alichobofya, alete na ripoti ya Valgrind (chombo cha kusaka uvujaji wa memori) inayoonyesha mstari ulioomba memori bila kuirudisha.

Ila tafuteni mzizi kwanza. Kwenye Firefox, nyongeza nyingi (programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo) zilikuwa zinang'ang'ania kurasa zilizokwisha kufungwa. Toleo la 15, Agosti 2012, likakata viungo hivyo ndani ya kivinjari chenyewe, bila kuwasubiri waandishi wa nyongeza mmoja mmoja (wangesubiri mpaka lini?). LeakSanitizer nayo, chombo kingine cha kunasa uvujaji, iwekeni kwenye majaribio ya kila kiraka, hata leo jioni.