Jino la kwanza la binti: ngano, nyundo na kitabu

Msomaji aliyeolewa na Mwarmenia huko California ameandika: binti yake ameota jino la kwanza, mama mkwe anataka kufanya agra hadig (huko Armenia kwenyewe huitwa atamhatik), sherehe ya jino la kwanza ambapo mtoto humwagiwa ngano kichwani na kuwekewa vitu achague kimoja cha kumtabiria kazi, naye msomaji anahofia mtoto atawekewa kitana na sindano tu.

Dada, anza na ngano. Loweka vikombe viwili vya ngano nzima iliyokobolewa usiku kucha. Mwaga maji hayo, kisha ichemshe kwa vikombe sita hivi vya maji mapya mpaka punje zianze kupasuka, zikipondeka umezidisha. Chuja, uitandaze kwenye kitambaa ipoe na ikauke. Hapa ndipo wengi huharibu: ngano yenye unyevu hunata nyweleni, na mtoto hulia kabla shughuli haijaanza. Tenga kiganja kimoja kisicho na sukari cha kummwagia kichwani, juu ya shela. Inayobaki changanya na sukari, mdalasini, zabibu kavu, lozi na komamanga kwa ajili ya wageni. Mtoto asipewe, itampalia.

Mkalishe, umwekee mbele kitabu, kalamu, nyundo, kitana, pesa na mkasi butu. Atakachoshika kwanza husemwa ndiyo kazi yake ya baadaye, kwa hiyo vyote viwe umbali mmoja na mikono yake. Kinachong'aa kikisogezwa karibu, umeshamchagulia.

Mama mkwe akiikataa nyundo kwa kuwa mtoto ni wa kike, mjibu kwa heshima na kwa historia ya kwao. Jamhuri ya Armenia ya 1918 iliwapa wanawake kura, na uchaguzi wa 1919 ukaingiza watatu bungeni. Sanamu ya Mama Armenia, iliyosimama juu ya Yerevan, mji mkuu, tangu 1967, imeshika upanga. Na lipo la kuumiza: tamaa ya watoto wa kiume ilifanya mimba za kike zitolewe, hadi sheria ikabadilishwa mwaka 2016 kukataza kutoa mimba kwa kuchagua jinsia. Binti kushangiliwa mbele ya ukoo si jambo dogo.

Halafu lugha. Waarmenia huiita mayreni, kutokana na mayr, yaani mama, na baada ya mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915, chini ya dola ya Waturuki wa Osmani, akina mama ndio waliobebeshwa kuitunza ugenini. Usiubebe mzigo huo peke yako. Baba wa mtoto akitaje kila kitu kwa Kiarmenia: kitabu ni girk, mkasi ni mkrat. Familia ikiwa ya Beirut, wanakozungumza Kiarmenia cha magharibi, utasikia kirk, wala si kosa. Wewe urudie kwa Kiswahili, kimoja kimoja, kabla ngano haijamwagwa.