Wajda: uanze na ipi?

Kaka, umeuliza Andrzej Wajda ni nani hasa na uanze na filamu ipi. Ni mwongozaji wa filamu Mpolandi, mzaliwa wa Suwałki 1926, akafariki 2016. Baba yake, kapteni wa jeshi, aliuawa na polisi wa siri wa Kisovieti mwaka 1940, na kwa miongo kadhaa serikali ya kikomunisti haikutaka ukweli huo utajwe. Wajda alikuja kutoa filamu Katyń, kuhusu mauaji ya maofisa wa Kipolandi kama baba yake, mwaka 2007, tayari ana miaka 81.

Lakini wewe anza na Majivu na Almasi (1958). Kuna mahali yule kijana aliyetumwa kuua anaziwasha moto bilauri za pombe kali, moja baada ya nyingine, juu ya kaunta ya baa. Kila bilauri ni rafiki aliyekufa vitani. Wajda alisomea uchoraji Kraków kabla ya filamu, na hapo unauona mkono wa mchoraji.

Mtu wa Chuma (1981), ya mgomo wa wafanyakazi wa mji wa Gdańsk, ilimpa tuzo kuu ya Cannes. Lech Wałęsa mwenyewe, kiongozi wa mgomo huo, yumo. Oscar ya heshima alipata 2000. Zile alizotoa kwenye fasihi ya kale ya Kipolandi, kusema kweli, mimi hunisinzisha.