Gitaa la jazi bila ngoma wala besi

SWALI: Wahariri, hongereni kwa kazi. Napiga solo kwenye bendi ya dansi. Hoteli moja hapa Dodoma inanitaka kila Ijumaa na mtu wa saksafoni, wawili tu, tupige jazi ya taratibu ya akina Jim Hall, yule mpiga gitaa wa Marekani. Nikijaribu, gitaa linatoa sauti kali, na kila nafasi naijaza. Hall alifanyaje?
Mpiga solo, Area C

JIBU: Kazi kama hiyo ndiyo iliyomjenga. Hall alizaliwa Buffalo mwaka 1930, akasomea muziki Cleveland, na 1955 akahamia Los Angeles, kwenye kundi la mpiga ngoma Chico Hamilton. Kisha akaenda kwenye kundi la mpiga saksafoni na klarineti Jimmy Giuffre, ambako ngoma hazikuwepo. Bob Brookmeyer alipoingia na tromboni, besi nayo ikaondoka. Gitaa likabeba kodi (noti zinazopigwa pamoja, si zile za TRA), mapigo na sauti za chini. Mtu hawezi kubeba yote hayo kwa kuyapiga yote. Kwenye dansi solo husifiwa kwa kutoacha pengo. Huku pengo ndilo lenye kazi.

Anza na noti mbili, uzi wa 3 na wa 2. Kodi ya Re ndogo ya saba (Dm7): freti 5 na 6. Sol ya saba (G7): 4 na 6. Do kubwa ya saba (Cmaj7): 4 na 5. Umeona? Kila mara kidole kimoja tu kinashuka freti moja. Kwa kuwa huna besi, gumba lipige noti ya msingi kwenye pigo la 1: uzi wa 5 freti 5, uzi wa 6 freti 3, uzi wa 5 freti 3. Zile noti mbili zipige pigo la 2 na la 4, ukizikata kwa kulegeza vidole. Saksafoni ikipiga noti nyingi, nyamaza pigo zima.

Ukali huchangiwa na nyuzi nyembamba, namba 9. Funga 11 au 12, uzi wa 3 uwe wa kuzungushiwa. Fundi apanue mifereji ya nati (kile kipande cha juu ya shingo kinachopitisha nyuzi), la sivyo nyuzi zitanasa na kupoteza tyuni, kisha akaze chuma cha shingo, maana nyuzi nene huivuta. Tumia pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya shingoni, kitufe cha toni kikiwa 3 au 4. Ukikifikisha sifuri, noti za chini zinaziba.

Ampu iwe chini kiasi cha kusikia nyuzi zenyewe. Wateja wasiposikia, isogeze kwao kabla ya kuongeza sauti.